Mbuzi Anayechechemea

Mzungu niliyemfanyia kazi kule Observatory, mtaa wa Johannesburg, alikuwa na jiwe kwenye dirisha la jikoni. Siku ya kwanza aliniambia: futa vumbi kila mahali, jiwe hilo liache. Lilikuwa jeusi, limechongoka upande mmoja kama shoka dogo lisilo na mpini. Mimi sipendi kuruka mahali ninapofuta, kwa hiyo nilimwuliza jiwe lina nini. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Morogoro, ambacho hakikumtoka hata uzeeni: "Hilo ni la radi."

Tulijuana zamani. Alipokuwa bado msichana alitoka kwao Norwei akaja kufundisha kwenye shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, karibu na Morogoro. Mimi nilikuwa jikoni pale, nasonga ugali kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Mume wangu nilimpata hapohapo, mmoja wa hao wakimbizi. Nchi yao ilipofunguka walirudi, nami nikamfuata mume wangu na binti yetu mdogo mkononi. Mwalimu naye alikuja, akanunua nyumba mlimani Observatory. Miaka ikaenda, mume wangu akafa, nikatafuta kazi, na mlango nilioubisha ukafunguliwa na Mwalimu. Jina lake sikuwahi kulitumia. Yeye aliniita Mama Mkali, kwa sababu kule jikoni Morogoro sikumwongezea mtu nyama hata akililia.

Radi za Johannesburg si za kuchezea. Kiangazi, mchana kutwa jua linawaka, alasiri mbingu zinapasuka. Majirani zangu wa Malvern, mtaa ninaokaa, walinifundisha: ikianza, funika vioo kwa shuka, zima televisheni, usishike simu, kaa kimya. Nilipokwenda kufunika vioo vya Mwalimu alinikuta nahangaika na kile kikubwa cha ukumbini.

"Mama Mkali, unamficha nani?"

"Naificha radi isijione."

"Na ikijiona?"

"Itajipenda, itaingia."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaonyesha dirisha kwa kidole. "Wewe una shuka, mimi nina jiwe. Hatuchekani."

Ndipo akanieleza. Watu wa kwao, kabla hawajawa Wakristo, walikuwa na mungu wa ngurumo waliyemwita Tori. Ndevu nyekundu, nyundo mkononi, hasira karibu. Wakulima wakilima na kuokota jiwe kama lile, walisema ni kipande alichokivurumisha Tori, na nyumba yenye kipande chake hataipiga tena. Jiwe lile lilikuwa la bibi yake. Bibi huyo alikwenda kanisani kila Jumapili, lakini jiwe alilihifadhi pamoja na siagi. Mungu huyo, akasema, anasafiri angani kwa gari linalokokotwa na mbuzi wawili, na tunachosikia ni magurudumu.

"Mbuzi?" nikasema. "Huyo mungu au muuza maziwa?"

"Mbuzi. Na tungo za kale zinasema alikula ng'ombe mzima kwenye karamu moja, akashushia na mapipa ya pombe."

"Mgeni wa namna hiyo ningemfungia mlango. Mola ni mmoja, Mwalimu, na hapandi mbuzi."

"Najua. Mimi mwenyewe siamini. Lakini jiwe lisitoke."

Alisema pia kuwa Alhamisi ilikuwa siku ya Tori, na bibi yake hakugusa uzi wa kusokota Alhamisi jioni. Nikamwambia hata kwetu Alhamisi jioni si ya kazi. Tunafukiza ubani, maana wafu wanapita kuwajulia hali walio hai. "Basi nenda nyumbani mapema," akasema. Tangu hapo Alhamisi nilikuwa natoka mapema, kwa heshima ya mungu ambaye si wangu wala si wake.

Nimeyaanzia mbali, lakini bila hayo yaliyofuata hayaeleweki.

Mjukuu wangu alizaliwa mwaka wa Kombe la Dunia, wakati wa baridi, jiji zima likipuliza vuvuzela. Binti yangu alisema kule wodini alijua mtoto analia kwa kuutazama mdomo tu. Mtoto wa kike, mwepesi. Nasema mwepesi kwa sababu nilimbeba mimi. Mgongoni humsikii, unageuza shingo kila mara kuhakikisha yupo.

Akika yake, mbuzi wa kumchinjia mtoto, tuliisogeza mbele. Kwanza tungoje baridi ipite. Halafu tungoje ndugu za baba yake, watu wa Soweto, wapate nafasi. Nao walikuwa na mbuzi wao wa kumtambulisha mtoto kwa wazee wao waliotangulia. Mbuzi wa huku na mbuzi wa kule, wote wakangoja. Mtoto hakungoja. Mvua za kwanza zilipoanza kifua kilimbana, tukampeleka hospitali, akarudi, kikambana tena. Alikufa alasiri, maji yakimwagika juu ya bati. Tulimzika kwa taratibu zetu na baba yake hakupinga. Yeye ndiye aliyeingia kaburini akampokea. Mtu mrefu vile, na mzigo mdogo vile.

Maziwa hayana habari ya kifo. Binti yangu alivimba kifua, nguo ikalowa mbele. Nilikwenda kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikanunua kabichi, nikawa nampa majani yake ya baridi ayaweke ndani ya sidiria, ndivyo wanavyofanya huku. Yakinyauka tunabadilisha. Alikuwa anakaa chumba cha nyuma kwenye nyumba yetu ya Malvern, mlango wazi, mikono mapajani. Chai alikunywa. Chakula alikitazama. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwekea sahani, nikaiondoa, nikamwekea tena.

Binti huyu alikulia hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimwita kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiingereza. Mambo ya kwetu hakuwahi kuyataka. Kwa hiyo nilishtuka aliposema, kwa hicho Kiingereza chake, "Mama, ulisema kuna mbuzi. Ulisema mtoto anampanda."

Nilikuwa nimemwambia alipokuwa mdogo, kama nilivyoambiwa na bibi yangu. Mbuzi wa akika ndiye kipando cha mtoto huko aendako. Mtoto akifa kabla ya akika, anafanyiwa vilevile, asije akaenda kwa miguu. Na kuna sharti: mfupa hauvunjwi. Unapitisha kisu kwenye maungio, taratibu, kiungo kwa kiungo. Nyama inapikwa, watu wanakula, wazazi hawali. Mifupa inakusanywa yote, inafungwa kitambaa cheupe, inazikwa mizima. Mfupa ukivunjika, kipando kinachechemea.

"Yupo," nikamwambia. "Tutamfanyia."

Jioni hiyo alikula vijiko vichache vya uji. Nikajua tumeshika kamba. Mbuzi huyo ndiye angemtoa chumbani, au hakuna wa kumtoa.

Mkwe wangu alikwenda kumtafuta. Ni kijana wa heshima, akizungumza nami anatazama viatu vyake. Kiswahili hajui, tunaelewana kwa Kizulu changu cha sokoni. Alipata beberu mzuri, akamnunua kwa jasho lake, akampeleka kwa Waislamu wenye bucha upande wa Jules Street achinjwe kwa haki. Yote hayo alijua, mkewe alimwambia. Habari ya mifupa hakuna aliyemwambia. Mimi nilidhani binti kasema. Binti alidhani hilo hata mtoto analijua.

Pale bucha wakamwuliza kama wamkatie. Akaifikiria mikono yangu. Vidole vyangu vimevimba kwenye viungo, na alishaniona nikipigana na nyama kwa shoka la jikoni. Akasema ndiyo. Wakaupitisha mwili wa mbuzi kwenye msumeno wa umeme, kama wanavyofanya kwa kila mteja wa Johannesburg.

Aliingia jikoni na mifuko ya plastiki, uso unang'aa. "Ma, nimekupunguzia kazi."

Nilifungua mfuko wa kwanza. Vipande vya mraba, vimepangana, sawasawa kama sabuni. Kila mfupa umekatwa wima, uboho unatazama juu, mwekundu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika jikoni tangu maziko. Alitazama mfuko, akamtazama mumewe. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa Kiingereza, taratibu kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi, "Sasa atapanda nini?"

Akarudi chumbani, akafunga mlango.

"Eish, Ma," mkwe akasema. "Nimefanya nini?"

Nikamweleza. Kizulu changu hakikutosha, nikamalizia kwa mikono. Alipoelewa aliketi kwenye ngazi ya nje, damu ya mbuzi kwenye shati, akakaa pale. Sikumfuata. Ningemfuata ningesema neno, na yeye hakustahili neno.

Nyama iliingia kwenye friza. Hakuna aliyethubutu kuipika, hakuna aliyethubutu kuitupa. Nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti. Akanipokea vizuri, akaniambia, "Mama, akika yenyewe si faradhi. Huko kutovunja mifupa ni kumtakia mtoto salama tu. Usijitese." Nilimshukuru. Elimu yake ni sahihi, sina elimu ya kumpinga, mimi niliyeacha shule darasa la nne. Nikamfikishia binti maneno hayo kupitia mlangoni. Uji ule wa vijiko vichache nao ukakoma. Mbavu zikaanza kuonekana chini ya khanga.

Kazini nilitia chumvi mara mbili. Mwalimu alionja, akaweka kijiko chini, akasema, "Keti, Mama Mkali." Sijawahi kuketi meza ile. Niliketi, nikamwambia yote, mbuzi na msumeno na mlango uliofungwa. Alitazama dirishani kwenye jiwe lake, kisha akasema, "Alhamisi nitakuja kwako."

"Miguu yako?"

"Miguu yangu itakuja pia."

Alikuja kwa teksi, na fimbo, na jiwe ndani ya mkoba. Sikulipenda lile jiwe kuingia nyumbani kwangu, lakini mgeni ni mgeni. Nilimpeleka moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, nikaufungua bila kubisha, nyumbani ni kwangu. Binti alikuwa amelala ubavu. Mwalimu aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Pole hakusema. Alisema, "Mimi namjua mbuzi aliyevunjwa mfupa."

Na akasimulia. Tori, yule wa ngurumo, siku moja jua lilimchwea njiani akalala kwa watu maskini. Hawakuwa na kitoweo. Akawachinja mbuzi wake mwenyewe, wale wawili, akawaambia: kuleni mshibe, lakini kila mfupa mtupe juu ya ngozi hizi, mzima. Wakala. Lakini mtoto wa kiume wa nyumba ile akaupasua mfupa wa paja anyonye uboho. Asubuhi Tori akainua nyundo juu ya ngozi, mbuzi wakasimama, wazima, wanapumua. Mmoja akapiga hatua. Akachechemea.

"Akafanyaje?" nikauliza mimi, kwa sababu mlalaji haulizi.

"Alikasirika, nyumba ikatetemeka. Alishika nyundo mpaka vidole vikawa vyeupe. Halafu akaona walivyoogopa, hasira ikamshuka. Akawachukua watoto wao wawili wamtumikie. Hiyo ikawa fidia."

"Mfupa mmoja, watoto wawili? Huyo hana haki."

"Sikusema ana haki. Nimesema ni Tori."

Binti yangu aligeuka. Alimtazama Mwalimu kwa muda, midomo imepasuka kwa ukavu. "Na mbuzi?" akauliza, kwa Kiingereza.

"Mbuzi alifungwa kwenye gari, akavuta. Anavuta mpaka leo. Bibi yangu alikuwa anatuambia tusikilize: ngurumo haiendi sawasawa. Inapiga, inasita, inapiga. Huyo ndiye, na mguu wake."

"Hakuachwa?"

"Hakuachwa."

Mimi nilitaka kusema kwamba hayo ni ya watu wa zamani, wasiomjua Mungu. Niliufunga mdomo. Binti yangu alikuwa ameketi.

Akasema, "Mama, toa ile nyama."

Tuliipika siku ya pili, Ijumaa. Nilichemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe, nisije nikahitaji kisu. Majirani wakaja, Wakongo wa mbele, Warundi wa upande, ndugu wa mkwe kutoka Soweto. Wali na nyama, sinia kwa sinia. Mimi nikasimama katikati na beseni.

"Kuleni. Mfupa urudi hapa. Asitafune mtu, asinyonye mtu."

"Mama, hata hiki kidogo?" Mkongo mmoja, baba wa watu wazima, alikuwa na kipande cha ubavu mdomoni tayari.

"Hata hicho. Kitoe."

"Uboho wake ndio utamu, mama."

"Utamu utaupata kwako. Kitoe."

Akakitoa, akakifuta kwa kiganja, akakiweka kwenye beseni kama mtu anayerudisha mali ya msikiti. Watu wakacheka, hata mkwe. Mwalimu, ambaye naye alikuja tena, akaniambia kutoka kwenye kiti chake kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye Tori mwenyewe, zimebaki ndevu." Nikamwambia ndevu zinakuja, uzee hauna adabu.

Walipoondoka niliosha mifupa kwa maji ya moto, nikaimwaga juu ya meza. Nilikusudia kuifunga kitambaani ilivyo, tukazike. Binti akaja na nepi za mtoto, zile za kitambaa cheupe, akaketi. Alichukua kipande, akakigeuza, akatafuta mwenzake. Akavikutanisha, mkato kwa mkato. Halafu akachana nepi. Sauti ya kitambaa kikichanwa ilinipitia hapa kifuani. Akafunga mfupa ule kama daktari anavyofunga mguu wa mtu.

Mumewe alikuwa amesimama ukutani hajui aketi au atoke. Binti akamsogezea kiti kwa mguu. Akaketi. Alikuwa na macho mazuri kwa kazi ile, aliona haraka kipi kimetoka wapi. Vichwa viwili juu ya meza ile, hawasemezani, anampa kipande, anakipokea. Mimi nilishika ncha za vitambaa, maana kufunga fundo dogo vidole vyangu vimekataa. Mwalimu alisinzia.

Mguu wa nyuma mmoja haukuisha vizuri. Tuliutafutia vipande, vyote vilikuwepo, lakini ulipofungwa ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Mkwe ndiye aliyejua sababu. Msumeno, akasema, kila unapopita unakula kidogo. Ule unga wa mfupa ulibaki kule bucha, juu ya chuma, walishaumwagia maji. Paja hilo lilipitiwa mara nyingi kuliko lile.

Binti yangu aliiweka miguu miwili sambamba juu ya meza. Akapima kwa kidole.

"Atachechemea," akasema. Kwa Kiswahili.

"Atachechemea," nikasema.

"Atafika?"

Kila mtu alikuwa ananisubiri, hata Mwalimu alikuwa amefumbua macho. Uongo sijawahi kumwambia mwanangu, hata alipokuwa mdogo anauliza habari za sindano. Nani amerudi kutoka huko akatueleza njia? Nikamwambia nilichokijua.

"Mtoto mwenyewe hakuwa mzito."

Hapo ndipo alipolia. Alilia na paji la uso juu ya meza, kati ya mifupa, na mumewe akamwekea mkono mgongoni, na mimi nikakusanya vitambaa vilivyobaki kwa sababu lazima mtu akusanye. Usiniulize kama mimi nililia. Nilikuwa na kazi.

Tulimzika mbuzi mlimani Observatory, kwenye bustani ya Mwalimu, chini ya ukuta. Yadi ya Malvern ni ya kupanga, leo yako kesho ya mwingine. Mkwe alichimba. Kurudi nyumbani binti aliomba ugali, akala nusu ya sahani. Nusu ile nyingine niliifunika, na asubuhi nikaikuta imeliwa.

Sitadai kwamba mambo yakawa mazuri. Walikaa pamoja, hawajapata mtoto mwingine mpaka ninapoandika haya, na sasa hatuulizi. Binti anauza nguo za watoto Marshalltown, kando ya barabara. Kwa nini nguo za watoto, nilimwuliza mara moja tu, akasema ndizo zinazotoka. Mwalimu ndugu zake walikuja wakamchukua, kichwa kilikuwa kimeanza kusahau majina ya vitu. Kiswahili ndicho kilichobaki mwisho. Kwenye uwanja wa ndege alinishika mkono akaniuliza kama nimemwongezea nyama. Nikamwambia, leo ndiyo. Alifariki kule kwao kabla mwaka haujaisha.

Jiwe aliniachia. Mimi ni Mwislamu, najua jiwe halizuii kitu. Liko dirishani, na silifuti vumbi.

Kiangazi, mawingu yakianza kukusanyika, simu yangu inalia kabla ya tone la kwanza. Ni binti, kutoka Marshalltown, amejibanza chini ya kibaraza na mafurushi yake.

"Mama, umefunika kioo?"

"Nimefunika. Kata simu, ni radi."

"Nakata."

Hakati. Nami sikati, na hilo ni kosa, majirani wangeniona wangenigombeza. Tunakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, hatusemi. Inapiga. Inasita. Tunangoja mguu ule mfupi ukanyage, ndipo tunaagana.